MWALIMU MSTAAFU NA FOMU YA UDIWANI: Mbona mzee alisikia kijiweni?

Umestaafu, una heshima zako, una wanafunzi kila kona ya kata. Unataka kugombea. Safi sana! Lakini je, nyumbani wameambiwa?

Mpenzi msomaji, kuna habari ambazo mume hatakiwi kuzisikia kijiweni. Kwamba mkewe ni mjamzito ni mojawapo. Kwamba mkewe anagombea udiwani ni nyingine.

Baba Mkubwa wangu aliisikia hiyo ya pili akiwa Ndundu, kwenye benchi la fundi baiskeli, pembeni ya barabara kuu iendayo Kusini. Ilikuwa Julai 2020. Kijana mmoja wa bodaboda alisimama, akampa hongera, akamwambia sasa mzee unakuwa mume wa mheshimiwa. Baba Mkubwa akadhani anataniwa. Benchi zima likacheka, na kwa jinsi walivyocheka akaelewa kuwa wenzake wote walishajua, yeye tu ndiye alikuwa gizani. Akaichukua baiskeli yake, tairi la nyuma bado halijazibwa, akaikokota mpaka nyumbani.

Mama Mkubwa, dada wa mama yangu, alikuwa uani anapepeta mchele. Amefundisha shule za msingi miaka 38, kwa hiyo mtu akiingia na kosa lake au na hasira zake anamjua kabla hajafungua mdomo. Anasema alijua mambo yameharibika kwa jinsi baiskeli ilivyoegeshwa. Hakuulizwa chochote. Mzee alipita moja kwa moja chumbani, na chakula cha usiku hakukigusa.

Usiku huohuo nilipigiwa simu mbili. Ya kwanza ya Baba Mkubwa, ya pili ya Mama Mkubwa, kila mmoja anaongea kwa sauti ya chini ili mwenzake asisikie, na nyumba yenyewe ina vyumba vitatu! Katika ukoo wetu mimi ndiye mtu wa magazeti, kwa hiyo wanaamini najua siasa. Na kwa kuwa kurasa zetu zinazungumzia mapenzi na ndoa, wanaamini hayo nayo nayajua. Ijumaa nikashuka Mbagala Rangi Tatu, nikapanda gari la Kusini.

KOSA LA MWALIMU

Nianze na upande wake, maana nilimpenda kwa alichotaka kufanya. Mama Mkubwa alistaafu 2019 alipotimiza miaka 60. Miezi michache ya mwanzo alifurahia. Halafu akaanza kuchoka kukaa. Mwalimu wa kijijini, tofauti na anavyofikiriwa mjini, hafundishi tu. Anaandika barua za kuomba kazi za watoto wa watu, anasoma karatasi zilizotoka hospitali, anaitwa kwenye ugomvi wa mashamba, anaulizwa kama ile fomu ya benki isainiwe au isisainiwe. Ukimtoa darasani, hizo kazi nyingine zote zinabaki mlangoni kwake. Aliniambia kwamba kazi ya diwani alikuwa anaifanya tayari, tofauti ni kwamba hakuwa na kiti kwenye kikao kinachogawa fedha.

Na wala hakuwa wa kwanza kutoka ubaoni kwenda jukwaani. Tanzania hii imeongozwa na walimu kwelikweli. Nyerere alikuwa anafundisha Pugu mpaka 1955, alipolazimika kuchagua kati ya kazi na TANU. Mzee Ali Hassan Mwinyi, mzaliwa wa Mkuranga hapohapo Pwani, alianza kama mwalimu. Magufuli alifundisha Sengerema. Na Kassim Majaliwa, mwalimu kitaaluma, watu wa Rufiji wanamkumbuka kwa karibu zaidi: alikuwa Mkuu wa Wilaya yao kabla ya kuchaguliwa mbunge wa Ruangwa mwaka 2010, na miaka mitano baadaye akawa Waziri Mkuu, cheo alichokaa nacho miaka kumi. Kwa hiyo mwalimu anapojipima kwenye udiwani si kwamba amechanganyikiwa na kustaafu, kama mzee alivyokuwa anadai usiku ule kwenye simu.

Mstaafu ana faida nyingine. Mtumishi wa umma akitaka kugombea anabanwa na taratibu za kazi, ruhusa, likizo bila malipo na kadhalika. Mstaafu yeye anaamka asubuhi, anavaa viatu, anakwenda kuchukua fomu. Sheria inamtaka awe Mtanzania aliyefikisha miaka 21, mkazi wa halmashauri ile, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na awe amedhaminiwa na chama, maana mgombea binafsi kwetu hayupo. Mwalimu hana cha kuogopa hapo.

Sasa kosa lake lilikuwa wapi? Lilikuwa kwenye foleni. Aliwaambia akina mama wa kikundi chake cha kukopeshana. Akamwambia katibu wa tawi. Akamwambia jirani ambaye angeazima pikipiki. Mume akamweka mwisho, akisubiri, kwa maneno yake, siku ambayo mzee angekuwa na moyo mzuri. Siku hiyo ikapitwa na bodaboda.

Akina dada wengi mnaosoma hapa mnaijua hiyo "siku ya moyo mzuri". Mnaisubiri kuomba ruhusa ya masomo, ya biashara, ya kwenda kumuuguza mama. Kusubiri si uongo. Lakini mambo ya siasa hayasubiri nawe. Ukimwambia mtu mmoja asubuhi, saa saba mchana soko zima linajua.

UPANDE WA MZEE

Na sasa wanaume msinune, zamu yenu. Nilipofika nilimkuta Baba Mkubwa chini ya mwembe, ananisubiri na hoja zake amezipanga kama mawakili.

Hoja ya kwanza ilikuwa fedha, na kwenye fedha sikuweza kumbishia sana. Mafao ya ualimu si mshahara, ni miaka 38 iliyowekwa kwenye bahasha moja. Wale wanaofuatilia wanakumbuka patashika ya kikokotoo. Kanuni za 2018 zilitaka mstaafu alipwe kwa mkupuo asilimia 25 tu na nyingine zije kidogokidogo kila mwezi, walimu wakalia, na tarehe 28 Desemba 2018 Rais Magufuli akasimamisha, akarudisha utaratibu wa zamani kwa kipindi cha mpito. Mama Mkubwa alistaafu ndani ya kipindi hicho, akapata nusu yake. Waliomfuata baada ya Julai 2022 waliangukia kwenye asilimia 33, na bajeti ya Juni 2024 ndiyo iliyowapandisha hadi 40 wale waliokuwa kwenye mifuko ya nusu kwa nusu. Kwa hiyo aliyestaafu 2019 alikuwa na bahati ambayo wadogo zake kazini hawakuipata.

Bahati hiyo walikuwa wameshaipangia kazi, wote wawili, usiku mmoja mrefu wa mwaka 2019. Kuezeka upya nyumba. Ada ya kitindamimba chuoni. Na mashine ya kukoboa mpunga, ambayo ingekuwa ya mzee. Hapo panahitaji maelezo. Zamani, kabla ya daraja, Ndundu palikuwa pantoni. Magari ya Mtwara na Lindi yalipanga foleni kungoja kuvuka Rufiji, na maji yakijaa foleni ilikuwa ya siku nzima na zaidi. Baba Mkubwa aliuza chai na samaki wa kukaanga kwenye foleni hiyo, akaoa kwa fedha ya foleni hiyo. Mwaka 2003 Daraja la Mkapa likafunguliwa, karibu kilometa nzima ya zege juu ya mto, taifa likashangilia, na basi ambalo lilikuwa linasimama saa sita sasa linapita kwa dakika. Hakuna aliyemkosea. Ila tangu siku ile mwenye mshahara ndani ya nyumba ni mke, na mashine ya kukoboa ndiyo ingempa mzee tena kitu cha kufungua asubuhi na kufunga jioni.

Sasa umesikia kijiweni kwamba mkeo anagombea. Unawaza nini? Unawaza mashine.

Mama Mkubwa aliniapia kuwa hana mpango wa kugusa fedha ya mashine. Mzee akasema kila mgombea huanza hivyo. Na kwa kweli hapo wote wawili walikuwa sahihi. Sheria haimtaki mgombea agawe chochote. Ile ruhusa ya "takrima", iliyoingizwa kwenye sheria ya uchaguzi mwaka 2000 ati ni ukarimu wa Kiafrika, Mahakama Kuu iliifuta 2006, halafu ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inayobana mpaka kura za maoni ndani ya vyama. Maandishi ni mazuri. Lakini ukiwa mgombea na mtu aliyesoma kwako darasa la tatu anakuja saa mbili usiku na mtoto ana homa, utamwambia kuna sheria? Ungempa hata kama hugombei. Tofauti ni kwamba mwaka ule walikuja kumi na wawili.

Hoja ya pili ilikuwa posho yenyewe. Mzee alikuwa amefanya utafiti wake hapohapo kwenye benchi. Diwani halipwi mshahara kama mbunge, analipwa posho ya mwezi, na kiwango kilichokuwa kinajulikana ni shilingi 350,000 pamoja na posho za vikao. Tena kwa halmashauri zenye mapato kiduchu hata hiyo ilikuwa inachelewa, mpaka mwaka wa fedha 2021/22 Serikali Kuu ilipoanza kuzibebea mzigo huo. Kama mtu anautaka udiwani kwa sababu ya mshiko, basi amekosea dirisha. Mzee alilisema hilo kwa ushindi, kama vile amemnasa. Mke akajibu kuwa ndiyo maana wanaougombea wawe ni wale wenye pensheni.

HOJA AMBAYO HAKUITAJA

Jumamosi jioni mzee alinisindikiza kutembea mpaka karibu na daraja. Pale maji yanaonekana yametulia lakini yanakwenda, na wenyeji watakuonya usikae ukingoni kwa sababu ya mamba. Tulikaa mbali kidogo. Ndipo alipoongea kitu ambacho hakukisema mbele ya mkewe.

Alisema anaogopa watamuua.

Kwa msomaji wa mbali niseme tu yafuatayo, nayo si siri. Kati ya 2015 na 2017 katika Kibiti, Rufiji na Mkuranga watu wasiojulikana walikuwa wanaua watu makumi kwa makumi, na wengi wa waliouawa walikuwa viongozi wa chini kabisa: wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watendaji, makatibu wa chama. Wanafuatwa usiku, mlango unagongwa. Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa kwa mpigo barabarani wakirudi kwenye lindo. Mwezi uliofuata bodaboda zikapigwa marufuku kuanzia jioni hadi alfajiri. Kuna vijiji ambavyo mtu alikuwa akichaguliwa mwenyekiti anakataa hadharani. Kufikia 2020 mauaji yale yalikuwa yamekwisha, watu wanatembea usiku, ngoma zinapigwa. Lakini mtu wa miaka 66 haachi kusikia mlango kwa sababu tu tangazo limetoka kwamba hali ni shwari.

Na katika siku zile zote mbaya, aliniambia, alikuwa anamshukuru Mungu kwamba mkewe ni mwalimu tu.

Nilimuuliza kwa nini hamwambii hivyo. Akasema mwanaume hawezi kumwambia mke wake anaogopa, atamwambia habari za mashine.

Wadau, mimi nimekuwa kwenye kazi hii ya kuandika mambo ya wapenzi kwa muda sasa, na naweza kusema nusu ya barua tunazopata ziko hivyohivyo. Mtu anagomba kuhusu fedha kwa sababu fedha inaruhusiwa kugombewa. Kinachomuuma kiko pembeni. Nilitaka kukimbia kwenda kumwambia Mama Mkubwa palepale, nikajizuia, maana si yangu kusema. Lakini usiku niliacha mlango wangu wazi kidogo (umbea ni kazi yangu) na nikawasikia wanaongea mpaka saa nane. Sijui nani alianza. Asubuhi mzee alikuwa anaziba tairi la baiskeli mwenyewe.

KWA NINI ASIENDE VITI MAALUM?

Hilo ndilo swali alilokuwa anaulizwa na kila mtu, mpaka na wanawake wenzake. Kwenye kila halmashauri kuna madiwani wa viti maalum, theluthi moja, wanawake watupu, wanapatikana kupitia vyama kulingana na kura. Njia hiyo imewatoa wanawake wengi, na siibezi. Ila diwani wa viti maalum hana kata yake. Anayeongoza kikao cha Kamati ya Maendeleo ya Kata, pale wanapokaa wenyeviti wa vijiji na watendaji kupanga zahanati ipi ianze na barabara ipi ingoje, ni diwani wa kuchaguliwa. Mama Mkubwa alikuwa anakitaka kiti hichohicho.

Alikuwa na jambo lake, tena moja tu. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu. Vikundi vya wanawake anaovijua yeye vilikuwa vinakwama kwenye karatasi. Katiba ya kikundi haijaandikwa vizuri, muhtasari haupo, andiko la mradi limenakiliwa kutoka kwa kikundi kingine mpaka na jina la kijiji kingine. Yeye alisema akipata kata ataanza kuwafundisha watu kuandika muhtasari. Hakuna ahadi ya kampeni inayochosha kuliko hiyo! Lakini akina mama walimwelewa mara moja.

Njia aliyochagua ni ngumu, asikudanganye mtu. Katika chaguzi za 2015 na 2020 wanawake waliochaguliwa moja kwa moja kuwa madiwani wa kata nchini hawakufika hata mmoja kati ya kumi. Na Rufiji ina kumbukumbu yake. Bibi Titi Mohamed, yule mama wa TANU aliyekuwa akijaza viwanja kabla ya Uhuru, alikuwa mbunge wa huku, na mwaka 1965 huku ndiko alikoshindwa. Wazee wa Ndundu walimkumbusha Mama Mkubwa jambo hilo kila alipopita, wengine kwa nia njema. Yeye akawajibu kuwa yeye si Bibi Titi, hawezi hata kuimba.

Maneno ya pembeni nayo yalikuwepo. Mke wa mtu anatoka kikaoni saa nne usiku, na nani kamrudisha? Mwanaume mgombea akirudi saa nne ni mchapakazi. Hapa mzee alifanya jambo ambalo mpaka leo namheshimu kwalo. Alianza kwenda kumchukua kwa baiskeli. Haingii kikaoni, anakaa nje na wenzake, kikao kikiisha anawasha tochi, wanarudi wawili. Hakuna aliyemwomba. Maneno yakafa yenyewe, maana utamsemaje mtu aliyepakizwa na mumewe?

FIMBO ZA MWAKA 1994

Mwalimu anapogombea ana imani moja inayomponza: kwamba kila aliyemfundisha ni kura yake. Mama Mkubwa alikaa na daftari, akaorodhesha majina. Miaka 38, darasa la watoto hamsini au sabini, ukipiga hesabu unashinda kabla ya kampeni. Nilimwona anatabasamu na hilo daftari.

Kwanza, kwenye kura za maoni wapigao ni wajumbe, si wanafunzi wake wote. Pili, na hili hakuliona kabisa, wanafunzi wanakumbuka mambo yao. Mjumbe mmoja, baba mzima mwenye duka, alimwambia usoni kwamba mwaka 1994 alichapwa fimbo sita kwa kosa la mwenzake, na kwamba yeye mwalimu hakutaka kumsikiliza. Mama Mkubwa hakumbuki. Alikwenda nyumbani akasema hakumbuki kabisa, na hilo la kutokumbuka lilimuuma kuliko kura. Kesho yake akarudi dukani, akamwomba radhi mbele ya wateja. Baba wa watu akapokea vizuri, akampa na soda. Kura hakumpa, alimwambia kabisa kwamba ameshaahidi kwingine, na mimi naona huo ni uungwana.

Mwezi huohuo, usiku wa kuamkia tarehe 24, Mzee Mkapa alifariki dunia, nchi ikaingia kwenye siku saba za maombolezo. Pale Ndundu daraja lina jina lake, kwa hiyo msiba ulikuwa kama wa jirani. Baba Mkubwa, ambaye daraja lile lilimfungia biashara, alivaa kanzu yake akaenda kwenye dua.

Mama Mkubwa alishika nafasi ya pili. Tofauti haikuwa kubwa. Wapambe wakamwambia akate rufaa, wengine wakamshawishi ahamie chama kingine kwa kuwa muda ulikuwapo. Akakataa yote mawili, akawashukuru, akafika nyumbani akalala mpaka adhuhuri, kitu ambacho kwa mtu wa swala ya alfajiri si cha kawaida.

Hesabu ya mwisho aliiandika mwenyewe kwenye daftari lilelile la majina. Nauli, chai za wageni, homa za watoto, vocha za simu, picha za pasipoti: milioni moja na laki nane na ushee. Kanga wala fulana hamna. Akaliweka daftari mezani mzee alione. Fedha ya mashine ilikuwapo, haijaguswa. Iliyoliwa ilikuwa ya mabati, na paa la upande wa jikoni lilivuja masika mawili zaidi. Sitawadanganya kwamba hilo halikusemwa. Lilisemwa kila mvua iliponyesha.

BAADA YA HAPO

Watu huniuliza kama walirudi kuwa kama zamani. Sidhani, na sidhani kama zamani palikuwa pazuri sana. Zamani yeye alikuwa na mshahara na mzee alikuwa na kimya. Sasa wanabishana waziwazi, mara nyingi mbele ya wageni, jambo ambalo mama yangu analiona aibu na mimi naliona afya.

Mashine ilinunuliwa 2021. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipoifunika Rufiji na Kibiti, mpunga ukaoza shambani, mashine ikakaa kimya msimu mzima. Ule mwaka kila mtu alikuwa na la kusema juu ya maji: wapo waliolaumu mvua za El Niño, wapo waliolaumu Bwawa la Nyerere huko juu mtoni, ubishi ulikuwa mkubwa. Mwezi Mei kimbunga Hidaya kikaikata barabara kuu huko Somanga, magari ya Kusini yakakwama tena kama enzi za pantoni. Baba Mkubwa, wallahi, alitoa jiko lake la zamani akauza chai.

Mama Mkubwa yeye wakati wa mafuriko alikuwa barazani na kalamu. Watu walitakiwa kuandikishwa, nani kapoteza nyumba, nani shamba, ekari ngapi. Si mtendaji, si diwani. Watu walimjia tu kwa mazoea, na karatasi zake zilikuwa zinasomeka.

Mwaka 2025 fomu zilipokuwa njiani kutoka nilikuwa Ndundu kwa mapumziko. Nilimchokoza kama atachukua. Akasema magoti hayamruhusu. Jioni ile akaja binti mmoja, umri kama wangu, alisomeshwa naye, ana saluni yake Ikwiriri. Alikuja kuomba ushauri, anataka kata, si viti maalum. Mama Mkubwa akamkaribisha mkekani, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, halafu akamuuliza swali moja.

"Mumeo anajua?"

Binti akasema mume yuko Mafia kwenye shughuli za uvuvi, atarudi Jumapili, atamwambia akirudi, akishapumzika kidogo, akiwa na moyo mzuri. Mama Mkubwa akanitazama. Kabla hajasema kitu, Baba Mkubwa aliyekuwa anarekebisha mkanda wa mashine pale pembeni akajifuta mafuta mikononi, akatoa simu yake mfukoni, akaulizia namba.